PA ya simu inachemka au haifiki pawa? Tafuta kwanza wati zimeenda wapi

Wakuu, haya ni mambo ya benchi, nimeandika kwa ajili ya wale vijana waliotoka kwenye kubadilisha vioo na sistimu chaji wakaingia kwenye kuchora bodi zao wenyewe, iwe moduli ya redio ya simu au traka ya bodaboda yenye simkadi ndani, na sasa PA inawatoa jasho. PA ni pawa amplifaya, ile ya mwisho kabla ya antena, inayosukuma mawimbi mpaka yafike mnarani. Usiichanganye na IC ya pawa inayogawa umeme kwenye bodi, nimeshaona mtu kabadilisha hiyo mara mbili na tatizo liko palepale.

Mi PA naishika kama mwenye duka anavyoshika daftari. GSM kwenye masafa ya 900 simu ikiwa mbali na mnara inatakiwa itoe wati 2 kwenye antena, yaani dBm 33 (dBm ni pawa ikilinganishwa na miliwati 1). Kati ya PA na antena kuna swichi, kuna filta, kuna njia za shaba, tuseme vyote vinakula dB 1.2 (karibu robo ya pawa), kwahiyo PA yenyewe inabidi itoe kama wati 2.6. Ufanisi ukiwa asilimia 50 basi betri inatoa wati 5.3, ambayo kwa volti 3.5 ni ampea 1.5. Haya piga hesabu: 5.3 zimetoka kwa betri, 2 zimeenda hewani, 0.6 zimeliwa njiani, 2.7 zimebaki ndani ya PA kama joto. Hapo kila kitu kiko SAWA, hakuna hitilafu yoyote. Kwahiyo mtu akiniambia tu "inachemka" sina cha kumjibu, aniambie ngapi zimepotea na zimepotelea wapi.

Kabla ya yote: mita yako inasema ukweli?

Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa. GSM hairushi muda wote, inarusha kipande kimoja kati ya vipande 8, kila kipande ni maikrosekunde 577, na mzunguko mzima ni milisekunde 4.615. Sasa wewe unashika multimita ya kawaida unasoma ampea 0.2 unasema aah mbona inakula kidogo, kumbe hiyo ni wastani, kilele chake ni ampea 1.5 au zaidi. Na mita ya pawa inayosoma wastani nayo itakudanganya kwa dB 9 kamili, maana 1 kwa 8 ni dB 9. Weka resista ndogo ya miliohm 20 kwenye waya wa umeme, angalia kwa osiloskopu, ampea 2 inakupa milivolti 40, inaonekana vizuri tu.

Halafu volti zipime palepale kwenye miguu ya PA, sio kwenye kioo cha sapulai. Waya wako wa benchi wenye ohm 0.15 unakula volti 0.3 ukipita ampea 2, kwahiyo unadhani umeipa PA 3.5 kumbe inakunywa 3.2 halafu unalalamika haifiki pawa. Na kebo ya RF: ukisahau nusu dB tu kwenye kebo au atenueta, PA ya asilimia 50 itasomeka 44.6. Nimewahi kuona mtu anarudia kuchora bodi nzima kwa sababu ya konekta iliyolegea, wiki 3 na hela ya kuagiza bodi upya, vyote vimeenda na maji.

Dalili: pawa inafika lakini inachemka kupita kiasi. Au kinyume chake, ufanisi mzuri lakini pawa haifiki

Hizi mbili ni mtu na pacha wake, ndio maana naziweka pamoja, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo ufanisi unazaliwa au unakufa.

Betri ya simu ni volti ndogo. Kutoa wati 2.6 kwa volti 3.5, ukitoa ile volti 0.3 ambayo transista haiwezi kushuka chini yake, unabaki na 3.2. Chukua 3.2 mara 3.2, gawanya kwa mara mbili ya pawa, unapata karibu ohm 2. Yaani transista inataka ione lodi (mzigo inaousukuma) ya ohm 2 wakati antena na dunia yote ya RF ni ohm 50. Kazi ya kuishusha 50 iwe 2 ndio inaitwa machingi (sio machinga, ingawa zote mbili zinahangaika juani).

Sasa kujua kama lodi yako iko sawa usikisie, fanya hivi: isukume PA mpaka ishibe (ukiongeza ishara ya kuingia pawa haipandi tena), halafu badilisha volti, 3.2, 3.5, 3.8, 4.2, kila mara andika pawa inayotoka na ampea inazokula. PA yenye lodi sahihi pawa yake inapanda na volti, kutoka 3.5 kwenda 4.2 unatarajia iongezeke kama dB 1.6. Ukiona volti inapanda lakini pawa imegoma kupanda, ujue transista imeishiwa mkondo, lodi uliyoiwekea ni ndogo mno, kila volti unayoongeza inageuka kuwa joto tupu. Hiyo ndio ile "pawa ipo lakini inachemka". Na ukiona ufanisi uko juu, mkondo mdogo, inapanda vizuri na volti ila pawa inaishia chini ya unayoitaka, lodi ni kubwa mno, transista inagonga dari ya volti mapema. Jaribio la nusu saa hili na linaokoa miezi.

Lodi ikiwa sawa na bado inachemka, nenda kwenye machingi yenyewe. Kwenye ohm 2 kila kitu kidogo ni kikubwa. Ohm 0.1 ya njia ya shaba na solda inakula asilimia 5 ya pawa yako. Waya au njia yenye nanohenri 0.2 tu, kitu ambacho hata hukioni, kwenye MHz 900 ni ohm 1.1, zaidi ya nusu ya lodi yako yote! Kwahiyo kapasita ya kwanza baada ya kolekta (mguu wa transista unaotoa pawa) ukiisogeza nusu milimita umeshabadilisha lodi. Mimi kapasita hiyo naibandika kwanza, naiteleza kidogo kidogo kwenye njia huku naangalia ufanisi, nikipata sehemu nzuri ndio naichora rasmi.

Pia usiruke kutoka 50 hadi 2 kwa hatua moja. Hatua moja inataka Q (uwiano wa nishati inayozunguka ndani na ile inayotumika) ya karibu 4.9, na koili yako ikiwa na Q ya 30 umepoteza kama asilimia 16 kwenye machingi peke yake. Ukipitia kituo cha katikati, ohm 10, kila hatua inataka Q ya 2, upotevu unashuka kwenye asilimia 13 na zaidi ya hapo masafa yanatanuka, ufanisi hauporomoki ukitoka 880 kwenda 915. Koili za bei chee ndio adui hapa. Kwenye kapasita nako usibane matumizi, nunua zile za Q kubwa kwa zile mbili tatu za kwanza, nyingine weka za kawaida.

Na hamoniki ya pili. Transista ikishiba inatoa na mawimbi ya mara mbili, mara tatu, ukiyaacha yaende kokote yanaharibu umbo la volti kwenye kolekta na ufanisi unashuka. Weka mtego, kapasita na kipande cha njia vinavyogongana (yaani rezonansi) kwenye mara mbili ya masafa yako, karibu kabisa na kolekta. Faida yake ni mbili, maana sheria ya GSM inataka juu ya GHz 1 usizidi dBm minus 30, na wewe unatoka na 33, hiyo ni tofauti ya dB 63, huwezi kumwachia filta peke yake.

Dalili: ikianza kupiga simu inazima au inajirestati

Ukiona inazima muda uleule inapotafuta mnara, volti inaanguka. Kila mtu anakimbilia kuweka kapasita ya maikrofaradi 100 pembeni ya PA. Iweke, inasaidia kwenye ile kingo ya mwanzo, ila usidhani itabeba kipande kizima. Ampea 2 kwa maikrosekunde 577 ukitaka volti isishuke zaidi ya 0.3 unahitaji karibu maikrofaradi 3,800, hiyo ni kopo sio kapasita. Umeme lazima utoke kwa betri, kwahiyo njia ndio inatakiwa iwe pana. Njia ya upana wa nusu milimita na urefu wa sentimita 5 kwenye shaba ya kawaida ina kama miliohm 50, unapoteza volti 0.1 hapo tu, bado konekta ya betri, bado saketi ya ulinzi ndani ya betri yenyewe, bado betri mtumba iliyochoka.

Kuna toleo la hii dalili lisilozima simu ila linakufelisha kwenye vipimo: betri ikishuka chini, chaneli za jirani zinachafuka mwanzoni na mwishoni mwa kipande. Hapo saketi inayopandisha na kushusha pawa taratibu imeomba pawa ambayo volti haipo, imekwama juu, halafu ikitakiwa kushuka inachelewa kisha inaanguka kama jiwe. Suluhisho lisikuume: punguza pawa unayoiomba kidogo betri ikiwa chini. Nusu dB hakuna mtu atakayeisikia.

Dalili: kuna mawimbi ambayo hukuyaita

Unaangalia kwenye spektramu analaiza unaona vijiti pembeni ya wimbi lako, au wimbi liko nusu ya masafa yako, au ukisogeza kidole vinahama. Hiyo PA imegeuka osileta, na wati zinazoenda huko ni zako.

Kwanza toa ishara ya kuingia kabisa, acha baiasi tu (umeme mdogo wa kuiamsha transista). Kikibaki kitu, kinajizalisha chenyewe. Vikipotea na vinarudi tu ukiisukuma, bado inawezekana ni osileta ila ya aina inayoamshwa na pawa, ile ya nusu ya masafa mara nyingi ni hii. Vijiti vilivyo karibu, MHz 20 au 30 kila upande, mchawi karibu kila mara anakaa kwenye njia ya sapulai: koili yako ya nanohenri 33 ikikutana na kapasita ya nanofaradi 1 zinagongana kwenye MHz 28 hivi, na transista huko chini ina geini ya kutisha. Usiongeze kapasita juu ya kapasita, utahamisha tu mgongano uende kwingine. Weka resista ya ohm 5 au 6 mfululizo na kapasita moja kubwa, mgongano unakufa hapohapo. Kapasita ya pikofaradi 100 iache bila resista karibu na PA, hiyo na nanohenri zake 0.3 za ndani inakaa vizuri kwenye 900.

Ikiwa transista za mwisho zimepangwa nyingi sambamba (na huwa hivyo), zinaweza kupigana zenyewe kwa zenyewe, hii inayumba wakati hii inakaza. Resista ndogo kati ya kolekta za upande huu na ule inazituliza, na kwa kazi ya kawaida haili kitu kwa sababu pande zote mbili zina volti sawa.

Graundi nayo. Vitobo vichache chini ya tumbo la chipu maana yake emita (mguu wa transista unaoenda graundi) inakaa juu ya koili badala ya kukaa ardhini. Jaza vitobo mpaka mchoraji bodi akuchukie.

Dalili: inaanza vizuri halafu mkondo unapanda wenyewe

Transista za galiamu asenaidi kwenye PA nyingi za simu zina tabia moja mbaya, zikipata joto volti ya besi (mguu wa kuiongoza transista) inayohitajika inapungua, kama milivolti 1 hadi 2 kwa kila nyuzi. Baiasi yako ikibaki palepale mkondo unaongezeka, joto linaongezeka, mkondo tena, mpaka kidole kimoja cha transista kinabeba mzigo wa wenzake wote na kinaungua. Tazama mkondo sekunde 30 za kwanza bila ishara: ukitulia ni salama, ukitambaa juu taratibu bila kusimama kata umeme. Dawa ni resista za kuwagawia sawa, moja kwenye kila besi, na baiasi inayotoka kwenye transista ndogo iliyo jirani kabisa na zile kubwa ili zipate joto pamoja. Kama kila kitu ni sahihi kwenye mchoro na bado bodi moja kati ya kumi inatambaa, ni solda, kuna mapovu ya hewa chini ya tumbo.

Dalili: chaneli ya jirani inachafuka kwenye LTE (4G)

Huku ni dunia nyingine. GSM wimbi lake lina kimo kilekile muda wote kwahiyo unaishibisha PA na kulala. LTE kimo kinaruka juu na chini, ukiishibisha unakata vilele na uchafu unamwagika kwa jirani, na sheria inataka jirani awe chini yako kwa dB 30. Kwahiyo unarudi nyuma, na kurudi nyuma kuna bei: amplifaya ya daraja B ambayo kwenye karatasi inafika asilimia 78.5, ukiirudisha dB 6 tu inabaki nusu ya hapo.

Uchafu ukiwa sawa kushoto na kulia, PA inabanwa, ongeza baiasi kidogo au volti, au shusha ohm za lodi. Upande mmoja ukiwa mbaya kuliko mwingine, PA ina "kumbukumbu", sapulai inayumba kwa kasi ya data yenyewe kwa sababu njia ya umeme ina koili nyingi mno, na hilo huwezi kulitibu kwa baiasi hata ukeshe. Ukiwa vizuri katikati ya bendi na mbaya pembeni, angalia dupleksa (filta inayotenganisha kurusha na kusikia), pembeni lodi yake inageuka na PA inaona kitu kingine kabisa.

Wanaotumia envelopu treking, ile sapulai inayopanda na kushuka kufuata kimo cha wimbi (Qualcomm waliiingiza kwenye simu mwaka 2013 na chipu yao ya QFE1100), kosa ninaloliona ni mtu kutoka kwenye GSM na tabia zake za kapasita kubwa. Hapa kapasita kwenye kolekta iwe ya pikofaradi, ukiweka maikrofaradi sapulai haiwezi kuruka, ufanisi unapotea na uchafu unarudi. Kosa la pili ni muda, kwa LTE ya MHz 20 sapulai ikichelewa hata nanosekunde 1 au 2 utaona. Wengine wananiuliza kuhusu Doherty, ule muundo wa amplifaya mbili zinazosaidiana, wa Bell Labs wa 1936, nzuri sana kwenye mnara, ila kwenye simu mkono wa mtu ukigusa antena hesabu yake yote inayumba, mi kwa simu naigusa kwa woga.

Dalili: ikirusha haisikii

Hii nipite haraka. Kwenye LTE ya FDD (masafa ya kurusha mbali na ya kusikia) simu inarusha na kusikia kwa wakati mmoja, bendi 8 inarusha 880 hadi 915 na kusikia 925 hadi 960, pengo ni MHz 10 tu. Kelele ya PA inavuja kupitia dupleksa. Punguza pawa kwa dB 3, usikivu ukirudi ghafla ni PA, na mara nyingi ni kelele za baiasi au sapulai zinazopanda juu ya wimbi, chuja hapo kabla ya kununua dupleksa ya ghali.

Dalili: kwenye benchi safi, kwenye kasha inakufa

Mwaka fulani tulikuwa na traka za pikipiki, mezani zilikuwa tamu, zikifungwa chini ya siti zinajirestati na mbili zikaungua PA. Mi nikakaa na njia ya umeme wiki nzima, nikapanua shaba, nikaongeza kapasita, nikaagiza na PA spea trei nzima. Shida haikuwa huko. Antena ilikuwa imelala milimita chache juu ya chuma, na ohm 50 yake ilikuwa hadithi tu. Antena ikiwa na VSWR (kipimo cha jinsi isivyolingana na ohm 50) ya 3 inarudisha asilimia 25 ya pawa, hiyo sio mbaya sana, kibaya ni kwamba kile kinachorudi kinabadilisha lodi ya transista, na kutegemea urefu wa njia inaweza kuwa kubwa au ndogo. Kwenye pembe moja (fezi ya wimbi linalorudi) PA yangu ilikuwa inakula ampea 2.4 badala ya 1.5, volti ikaanguka, ikazima. Kwenye pembe nyingine mkondo mdogo lakini volti ya kolekta inaruka juu mno, hizo ndio zilizoungua.

Kwahiyo siku hizi kabla ya kufunga kasha lolote naweka lodi ya VSWR 3, nazungusha pembe kila nyuzi 30 duara zima, naandika pawa na ampea, halafu narudia kwa VSWR 10 betri ikiwa imejaa nione kama itapona. Zile traka tuliziponya kwa kipande cha plastiki cha milimita 15 kati ya antena na chuma. Trei ya spea bado iko kwenye droo, haijafunguliwa.